Jinsi ya Kuomba Huduma za Ulemavu Chuoni Mpaka Ukazipata: Mwongozo Kamili kwa Wanafunzi wa Mtwara na Lindi

Kila mitihani inapokaribia, wanafunzi wenye ulemavu wa vyuo vya huku Kusini wanakwama palepale. Mwanafunzi amemweleza mhadhiri hali yake, mhadhiri amejibu "usijali, tutakusaidia", na mwanafunzi ameondoka ameridhika. Siku ya mtihani msimamizi ni mtu mwingine kabisa. Hana taarifa, karatasi ina maandishi madogo, na muda ni uleule wa wote. Wiki kadhaa baadaye jina lake liko kwenye orodha ya sapu, yaani mitihani ya marudio, na hakuna anayekumbuka kwamba aliahidiwa chochote.

Barua na maombi mengi ya namna hii yamepita mikononi mwangu, na makosa ni yaleyale matatu: ombi lilikuwa la mdomo, lilitaja ugonjwa badala ya kutaja huduma, na lilifika kwa kuchelewa. Hatua zilizo hapa chini zimepangwa kuyaondoa hayo matatu. Zinafaa ukiwa Stella Maris, Taasisi ya Uhasibu kampasi ya Mtwara, chuo cha ualimu cha Mtwara, Nachingwea au Kitangali, vyuo vya afya, VETA, au unasoma kupitia vituo vya Chuo Kikuu Huria. Majina ya ofisi yatatofautiana kidogo, njia ni hiyohiyo.

## Vitu vya kuandaa kabla ya kuanza

- Barua ya udahili au kitambulisho cha chuo, pamoja na ratiba ya masomo ya muhula.
- Karatasi ya daktari (Hatua ya 2 inaeleza iandikwe vipi).
- Ushahidi wowote wa huduma ulizopata sekondari: barua ya mkuu wa shule, taarifa kwamba ulifanya mtihani wa Taifa kwa maandishi makubwa, kwa nukta nundu au kwa muda wa ziada.
- Daftari dogo la kumbukumbu, la kazi hii peke yake: tarehe, ofisi, uliongea na nani, alisema nini.
- Bahasha ngumu ya nakala, na picha safi za karatasi zote kwenye simu na kwenye barua pepe yako. Karatasi hupotea, na kurudi Liwale au Nanyumbu kufuata nakala nyingine ni nauli ya bure.
- Mtu mmoja unayemwamini wa kwenda naye ofisini: ndugu, mwanafunzi mwenzako au kiongozi wa darasa.

Usisubiri vyote vikamilike ndipo uanze. Kama karatasi ya daktari bado, anza Hatua ya 1 leo.

## Hatua ya 1: Orodhesha vikwazo vyako

Chora mistari kwenye karatasi upate safu tatu. Ya kwanza andika shughuli za siku ya chuo: kutoka hosteli, kuingia darasani, kuona ubao, kumsikia mhadhiri, kuandika notisi, kwenda maktaba, maabara au karakana, choo, chakula, mtihani. Ya pili andika kinachokuzuia hapo. Ya tatu andika kitu kimoja ambacho kingeondoa kikwazo hicho.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba ofisi ya chuo haiwezi kutibu macho yako, lakini inaweza kukuchapia karatasi. Ukisema "nina uoni hafifu", afisa anakuonea huruma na hajui afanye nini. Ukisema "naomba karatasi ya mtihani ichapwe kwa ukubwa wa 22 na niketi mstari wa mbele mbali na dirisha", amepata kazi ya kufanya.

Usikisie. Kama unahitaji maandishi makubwa, nenda steshenari na aya moja ndefu, ichapwe kwa ukubwa wa 14, 18, 22 na 26. Soma kila moja kwa muda mrefu, si kwa dakika moja. Ule unaoweza kuusoma saa nzima bila kichwa kuuma ndio wako, uandike. Kama unatumia kiti mwendo, kipime upana kwa futi ya fundi cherehani, kisha pima milango ya darasa na choo. Mlango unaotaka kupita bila kukwaruza vidole uwe na uwazi wa sentimita 80 hivi au zaidi. Kama ni ngazi, pima kimo chake. Kanuni inayotumika sana ni kwamba kila sentimita 1 ya kimo inahitaji mteremko wa sentimita 12 kwa urefu. Ngazi ya sentimita 15 inahitaji mteremko wa sentimita 180, kazi ndogo kwa fundi na mifuko michache ya saruji. Ukipeleka vipimo, ofisi haiwezi kukujibu kwamba inasubiri fedha za ujenzi wa jengo jipya.

*Onyo:* usiorodheshe kila kitu kinachoudhi. Chagua vinavyoamua kufaulu au kufeli kwako, viwe vitano au sita. Orodha ya vitu ishirini husomwa juu juu.

*Umefanikiwa ukiwa na:* sentensi tano au sita zinazoanza na "naomba", kila moja ikitaja kitu kinachoonekana au kupimika.

## Hatua ya 2: Pata karatasi ya daktari inayosema jambo

Cheti kinachosema "ana tatizo la macho" hakina msaada. Mwombe daktari aandike mambo manne: hali yenyewe, kama ni ya kudumu au ya muda, inavyoathiri kusoma, kuandika, kusikia au kutembea, na anachopendekeza. Mpe orodha yako ya Hatua ya 1. Madaktari wana foleni ndefu, na ukimrahisishia ataandika vizuri zaidi.

Anzia hospitali ya wilaya yako. Ikibidi rufaa, Mtwara kuna Ligula na Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini iliyoko Mitengo. Lindi kuna Sokoine. Vipimo vya macho viandikwe ukiwa bila miwani na ukiwa umevaa miwani, maana wapo wanaoambiwa "miwani inatosha" wakati haitoshi. Kwa masikio, omba matokeo ya kipimo cha usikivu yenye namba. Kabla ya kupanda gari, piga simu au tuma mtu aulize mtaalamu husika yupo siku gani, kwa sababu wapo wanaotoka Newala alfajiri na kukuta kliniki hiyo ni ya siku nyingine.

*Onyo:* karatasi ya daktari ya kupeleka chuoni na fomu ya Bodi ya Mikopo ni vitu viwili tofauti. Ukienda hospitali mara moja, toka na vyote viwili.

## Hatua ya 3: Taja ulemavu kwenye maombi ya mkopo

Hapa nitapita haraka, kwa sababu mwongozo wa Bodi ya Mikopo hutolewa upya kila mwaka na ndio wa kufuata. Mambo ya kushika ni haya. Ulemavu wa mwombaji, na hata wa mzazi, ni kigezo kinachozingatiwa kwenye kupanga mkopo, ila lazima uthibitishwe kwa fomu maalumu yenye saini na muhuri wa Mganga Mkuu wa Wilaya au wa Mkoa. Cheti cha kuzaliwa kinahakikiwa RITA, wakala wa serikali wa usajili, na uhakiki huo uanze mapema. Kama kaya yenu ipo TASAF, mpango wa serikali wa kusaidia kaya maskini, weka uthibitisho wake pia. Tangu mwaka wa masomo 2023/2024 baadhi ya kozi za stashahada nazo zina mkopo, hivyo wa stashahada usijihesabu nje.

Ukikosa, au ukipangiwa kidogo, kuna dirisha la rufaa. Rufaa nyingi hukwama kwa sababu mwombaji anarudia maelezo yaleyale bila kuongeza ushahidi.

Vyuo vikuu hufunguliwa Oktoba na Novemba, minada ya korosho ikiwa imepamba moto. Wazazi wengi huku hupanga kulipa kila kitu malipo ya korosho ya chama cha msingi cha ushirika yakiingia, na malipo huchelewa. Vifaa vya lazima kama losheni ya jua, betri za shimesikio au tairi za kiti mwendo vitengewe fedha kabla ya ada ya hosteli na godoro. Godoro unaweza kuazima.

*Onyo:* bumu, yaani fedha ya mkopo unayopewa mkononi, halichukui nafasi ya wajibu wa chuo. Usikubali kuambiwa "si una mkopo, jilipie mchapaji wa maandishi makubwa". Karatasi ya mtihani ni ya chuo, na kukuandalia namna unavyoweza kuisoma ni kazi ya chuo.

## Hatua ya 4: Itembelee kampasi kabla haijajaa

Nenda wiki moja au mbili kabla ya kufunguliwa. Kama huwezi, mwombe mwanafunzi anayeendelea akupigie video akitembea kutoka hosteli hadi darasani, bila kuruka sehemu yoyote.

Mchanga wa ukanda wetu wa pwani huzamisha magurudumu ya mbele ya kiti mwendo, na mvua zikianza mwishoni mwa mwaka njia iliyokuwa ngumu Oktoba inakuwa tope Januari. Uliza njia ipi inabaki nzuri masika. Tazama choo kwanza, kisha ndiyo darasa, kwa maana wapo wanaoacha kunywa maji mchana kutwa ili wasihitaji choo, na hilo ni hatari kwa figo. Angalia taa za usiku, swichi, na bomba la maji liko umbali gani.

Siku hiyohiyo fika ofisi ya Mshauri wa Wanafunzi, au mlezi kama ni chuo cha kati, uombe chumba cha chini. Vyumba vya chini huisha kabla wanafunzi wa mwaka wa kwanza hawajashuka kwenye basi. Mwenye kifafa aombe kitanda cha chini.

*Umefanikiwa ukijua:* njia moja unayoweza kuipita peke yako kutoka kitandani hadi darasani, na chumba kimeandikwa jina lako.

## Hatua ya 5: Andika barua

Hii ndiyo hatua inayobeba nyingine zote. Andika ukurasa mmoja, usizidi. Ielekeze kwa Mkuu wa Chuo kupitia kwa Mshauri wa Wanafunzi, na nakala kwa ofisi ya taaluma na mkuu wa idara yako. Ukimwandikia mhadhiri mmoja, atakusaidia kwenye somo lake tu, na akihamishwa msaada umeondoka naye.

Mfano huu unaweza kuunakili na kubadilisha:

> YAH: OMBI LA HUDUMA KWA MWANAFUNZI MWENYE ULEMAVU, MUHULA WA KWANZA
>
> Husika na mada tajwa hapo juu.
>
> Mimi ni mwanafunzi wa mwaka wa kwanza, namba ya usajili (andika), kozi ya (andika). Nina uoni hafifu wa kudumu, kama inavyothibitishwa na taarifa ya daktari iliyoambatishwa.
>
> Hali hii inanizuia kusoma maandishi ya kawaida na kuona ubaoni nikiwa mbali. Kwa kuzingatia Sheria ya Watu Wenye Ulemavu Na. 9 ya mwaka 2010, ninaomba yafuatayo:
>
> 1. Karatasi za majaribio na mitihani zichapwe kwa ukubwa wa 22.
> 2. Nyongeza ya muda wa dakika 10 kwa kila saa ya mtihani, na dakika 20 kwa kila saa kwa masomo yenye hesabu.
> 3. Notisi za wahadhiri nizipate kama faili la maandishi, si picha, angalau siku moja kabla ya kipindi.
> 4. Kiti cha mstari wa mbele, mbali na mwanga wa dirisha.
>
> Ninaomba kujibiwa kwa maandishi ndani ya siku 14, na niko tayari kufika ofisini kwa maelezo zaidi.
>
> Viambatisho: taarifa ya daktari, nakala ya kitambulisho.

Kila kipande hapo kina kazi. Neno "muhula wa kwanza" linaonyesha kipindi. Sheria inatajwa mara moja, kwa adabu, ili msomaji ajue unadai haki. Kifungu chake cha 27 ndicho kinachozungumzia elimu kwa watu wenye ulemavu wa rika zote. Namba zinamwezesha afisa kujibu hoja kwa hoja. Siku 14 zinakupa tarehe ya kufuatilia bila kuonekana msumbufu.

Hizo dakika 10 na 20 nazo hazikutoka hewani: ndizo ambazo Baraza la Mitihani limekuwa likiwaongezea watahiniwa wenye mahitaji maalumu kwenye mtihani wa darasa la saba. Chuo kinaweza kuwa na kiwango chake, lakini ombi lenye msingi ni gumu kulikataa kuliko lile linalosema "naomba muda wa kutosha".

Mwenye ulemavu mwingine abadilishe orodha tu. Kiziwi ataomba mkalimani wa lugha ya alama kwenye vipindi, mawasilisho na usaili, na maelekezo yote ya mdomo yaandikwe ubaoni. Mwenye mkono usioandika ataomba mwandishi wa mtihani au kompyuta. Anayetumia kiti mwendo ataomba vipindi vyake vihamishiwe chumba cha chini. Kuhamisha kipindi hakugharimu hata shilingi, na ndiyo maana ombi hilo liandikwe la kwanza. Mwenye usonji au ugumu wa kusoma unaojulikana kama disleksia ataomba chumba tulivu, maelekezo ya maandishi na muda wa ziada. Ulemavu usioonekana una haki sawa na unaoonekana, ila unahitaji karatasi ya daktari iliyonyooka zaidi.

Chapa nakala mbili. Masjala au kwa katibu muhtasi, sema: "Shikamoo mama. Nimeleta barua ya Mkuu wa Chuo, naomba unigongee muhuri wa kupokelewa na tarehe kwenye nakala yangu." Ukiambiwa muhuri haupo, omba saini na tarehe. Usiondoke bila kimojawapo, hata kama unaharakishwa.

*Onyo:* usiisukume barua kwa ujumbe wa simu peke yake. Ujumbe ni mzuri wa kukumbusha, haufai kuwa ombi lenyewe.

*Umefanikiwa ukiwa na:* nakala yenye muhuri ndani ya bahasha yako, na tarehe ya siku ya 14 imezungushiwa duara kwenye daftari.

## Hatua ya 6: Kikao

Ukiitwa, nenda na yule mtu wako. Kwa kiziwi, mkalimani awepo. Ndugu anayejua alama za nyumbani hatoshi kwenye kikao cha taaluma. Toa orodha, zungumzia hoja moja moja, na kwa kila moja uliza maswali mawili: nani atafanya, na lini.

Ukiambiwa jambo haliwezekani, uliza linalowezekana badala yake. Chuo kisicho na mashine ya nukta nundu kinaweza kukubali ufanye mtihani kwa kompyuta yenye programu ya kusoma kwa sauti.

Jioni ileile andika muhtasari mfupi na umtumie aliyeongoza kikao: "Nashukuru kwa kikao cha leo. Tulikubaliana kwamba…" Akinyamaza, makubaliano yako yana ushahidi. Akirekebisha, umejua ulipoelewa vibaya kabla ya siku ya mtihani.

## Hatua ya 7: Panga maisha ya darasani

Asiyeona na mwenye uoni hafifu. Programu ya NVDA inapatikana bure kwa kompyuta za Windows na inasoma maandishi kwa sauti. Simu za Android zina TalkBack, programu ya kazi hiyohiyo, ndani yake tayari. Tatizo kubwa ni notisi: mhadhiri akipiga picha kitabu na kukituma kwenye kundi la darasa, programu inaona picha tu, haioni herufi. Ndiyo maana barua imesema "faili la maandishi, si picha". Mweleze kiongozi wa darasa jambo hili wiki ya kwanza, kwa kuwa yeye ndiye anayesambaza notisi. Fanya mazoezi ya programu likizo. Anayejifunza NVDA wiki ya mtihani anafanya mitihani miwili kwa wakati mmoja.

Kiziwi na mwenye usikivu hafifu. Wakalimani wa lugha ya alama wenye uzoefu wa masomo ya chuo ni wachache huku kwetu, kwa hiyo ombi hili ndilo la kuwahi kuliko yote. Chama cha Viziwi Tanzania, CHAVITA, ndiko pa kuanzia kuulizia. Kipindi cha saa mbili mfululizo kinahitaji wakalimani wawili wa kupokezana kila dakika 20 au 30, vinginevyo mmoja huchoka na kuanza kuacha maneno. Mpe mkalimani notisi mapema mkubaliane alama za istilahi za somo. Programu za simu zinazogeuza sauti kuwa maandishi husaidia, ila zijaribu kwanza darasani kwenu, na Kiswahili na Kiingereza kikichanganywa huharibika. Ziwe msaada wa pembeni. Huwezi kutazama mkalimani na kuandika kwa pamoja, hivyo tafuta mwenzako mwenye mwandiko mzuri na uombe chuo kigharamie fotokopi za daftari lake.

Mwenye ualbino. Jua la Mtwara na Lindi halina huruma. Omba ruhusa ya maandishi ya kuvaa kofia pana na mikono mirefu hata kama sare ni tofauti, na kazi za nje, kwa mfano mazoezi ya shambani kwa wanaosoma kilimo, zipangwe asubuhi mapema au jioni. Losheni ya kuzuia jua ni dawa. Ulizia kliniki ya ngozi ya hospitali ya mkoa kabla ya kununua ya dukani isiyojulikana. Uoni hafifu huambatana na ualbino mara nyingi, kwa hiyo maombi ya maandishi makubwa yanakuhusu pia.

Mwenye kifafa. Waeleze wenzako wa chumbani mambo manne: wakulaze ubavu, waondoe vitu vigumu karibu yako, wasikutie kijiko wala kitu chochote mdomoni, na degedege likizidi dakika 5 wakukimbize hospitali. Wakiyajua hawatakimbia. Barua yako iseme kwamba ukipata kifafa siku ya mtihani, upewe nafasi ya kuurudia bila kuhesabiwa umefeli.

## Hatua ya 8: Mtihani

Wiki nne kabla, rudi ofisi ya taaluma na nakala yako yenye muhuri. Usiseme "nimekuja kukumbusha" pekee. Peleka karatasi mpya yenye jedwali dogo: somo, tarehe, saa ya kuanza, saa yako ya kumaliza ukiwa na nyongeza, aina ya karatasi, chumba. Mtihani wa saa 3 kwa nyongeza ya dakika 10 kwa saa unaisha dakika 30 baada ya wengine. Wa hesabu unaisha saa nzima baadaye. Ukiandika saa ya kumaliza kwa tarakimu, msimamizi hana hesabu ya kupiga wala ubishi wa kuanzisha. Angalia pia kama kuna mitihani miwili siku moja: nyongeza ya asubuhi inaweza kula muda wako wa chakula kabla ya mchana.

Kama utatumia mwandishi, asiwe anayesoma kozi yako wala rafiki wa karibu. Hilo linakulinda wewe dhidi ya tuhuma za udanganyifu. Kutana naye kabla mfanye swali la mazoezi. Mkubaliane namna ya kutaja alama za uandishi, kurudia sentensi na kuchora michoro.

Siku tatu kabla, ulizia karatasi yako ya maandishi makubwa imechapwa na nani. Kukuza fotokopi ya A4 hadi A3 hakutoshi kila mara, kwa kuwa herufi hufifia na meza haitoshi karatasi. Iombe ichapwe upya kutoka kwenye faili lenyewe.

Siku yenyewe fika dakika 40 mapema ukiwa na nakala ya makubaliano, na umwonyeshe msimamizi kabla mtihani haujaanza.

*Onyo kubwa:* ukikuta hakuna kilichoandaliwa, usitoke ukasusa. Anayetoka huandikwa mtoro. Mwombe msimamizi aandike kwenye taarifa yake ya chumba kwamba huduma haikuwepo, fanya unachoweza, na siku hiyohiyo peleka barua ya malalamiko yenye saa na chumba. Malalamiko yaliyoandikwa kabla ya matokeo yana uzito. Yanayokuja baada ya sapu husomwa kama kisingizio.

Kwa vyuo vya ualimu ambavyo mtihani wa mwisho unatoka Baraza la Mitihani, ombi lako linapaswa kuingia wakati wa usajili wa watahiniwa. Mkuu wa chuo hawezi kukuchapia karatasi ya Baraza wiki moja kabla. Muulize mratibu wa taaluma usajili ni lini, na uone kwa macho yako kwamba aina ya ulemavu imejazwa.

*Umefanikiwa ukiketi:* kwenye chumba kilichotajwa, na karatasi unayoisoma, na saa yako ya kumaliza imeandikwa ubaoni au kwenye fomu ya msimamizi.

## Hatua ya 9: Mafunzo kwa vitendo

Wengi hupata kila kitu chuoni na kusahau fildi. Kabla orodha ya vituo haijabandikwa, omba kituo kilicho karibu na barabara ya lami na karibu na hospitali unayochukulia dawa. Anayetumia kiti mwendo akipangiwa kijiji cha ndani cha Liwale wakati wa mvua, kosa limefanyika kwenye orodha, na kulirekebisha baada ya barua kutoka ni kazi mara tatu. Omba pia chuo kiandikie kituo kuhusu mahitaji yako, kwa ridhaa yako, na uisome barua hiyo kabla haijaenda.

## Hatua ya 10: Ukikataliwa au wakinyamaza

Siku ya 15, peleka barua fupi ya ukumbusho, ukiambatisha nakala ya kwanza yenye muhuri. Wiki moja ikipita kimya, omba kuonana na Mkuu wa Chuo mwenyewe, na uhusishe serikali ya wanafunzi. Usiruke ngazi hizi. Ngazi za juu zitakuuliza kwanza kama ulizipitia.

Nje ya chuo, Ofisa Ustawi wa Jamii wa halmashauri anaweza kukuandikia na hata kukusindikiza. Vyama vya watu wenye ulemavu vilivyo chini ya shirikisho lao, SHIVYAWATA, kama vile CHAVITA, Chama cha Wasioona na Chama cha Watu Wenye Ualbino, vina uzoefu wa kuzungumza na wakuu wa taasisi. Kwa vyuo vya kati na vya ufundi msimamizi ni NACTVET, baraza la taifa la elimu ya ufundi, kwa vyuo vikuu ni TCU, yaani Tume ya Vyuo Vikuu. Na Tume ya Haki za Binadamu na Utawala Bora ina ofisi Lindi mjini na inapokea malalamiko bure, bila wakili. Ukifika huko na daftari lako, barua zenye mihuri na muhtasari wa kikao, shauri lako limeshaandikwa nusu.

## Muhula mpya

Huduma hazihami zenyewe kutoka muhula hadi muhula. Wahadhiri hubadilika, vyumba hubadilika, na afisa aliyekuelewa anaweza kupata uhamisho. Wiki ya kwanza ya kila muhula peleka barua upya: badilisha jina la muhula, weka masomo mapya, ondoa ombi ambalo halikukusaidia, ongeza uliloona linapungua, na ambatisha nakala ya makubaliano ya muhula uliopita. Karatasi ya daktari ya hali ya kudumu haihitaji kutafutwa tena, isipokuwa macho au masikio yamebadilika.